Maziwa ya mbuzi yaliyotoka kwa ng'ombe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa ninayoamka kubadilisha chupa za maji ya moto. Mbele utaelewa.

Ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi mjini, mtaa wa Soweto. Wa pili ni wa kiume, ana miaka mitano. Tangu alipofika miaka mitatu na nusu tumbo lake halikutulia. Anaharisha wiki mbili, anapata nafuu siku nne, anaanza tena. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono vijiti. Tulimtibu amiba, tukamtibu giadia, dawa za minyoo ndiyo usiseme, hadi muuza duka la dawa anamjua kwa jina. Mwaka jana hospitali moja kubwa walituambia huenda utumbo umevimba kwa ndani, wakataka vipimo zaidi vya damu na pengine kipimo cha kamera. Tukapewa tarehe.

Kabla ya tarehe hiyo, dada mmoja wa jumuiya yetu alinieleza lishe ambayo ndugu yake aliyeko Kanada anamlishia mtoto wake. Hakuna ugali, wali, ngano, viazi, ndizi mbichi, sukari wala maziwa ya kawaida. Mtoto anakula mayai, nyama, samaki, mboga, asali, ndizi zilizoiva mpaka ganda lina madoa, na mtindi wa maziwa ya mbuzi uliokaa kwenye joto saa 24 bila kupungua. Mama mkwe wangu yuko Kibosho na ana mbuzi wa maziwa, hawa Toggenburg. Nikaona Mungu amepanga.

Tulianza Novemba. Maziwa yanashuka na Hiace kila siku ya tatu, lita mbili. Nayachemsha, nayapoza hadi kipimajoto kisome 42, natia vijiko viwili vya mbegu, yaani mtindi wa awali, nafunika sufuria, naiingiza kwenye kapu lenye blanketi na chupa za maji ya moto. Kwa baridi hii ya Juni chupa hazifiki asubuhi, ndiyo maana naamka. Miezi ya kwanza mtindi ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, na una kaharufu ka beberu. Mtoto alikuwa anakunja uso. Lakini Shangazi, alibadilika! Choo mara moja kwa siku, kimeshikamana. Alikuwa na kilo 14, sasa ana 15. Analala usiku mzima. Tarehe ya hospitali ilipita, mume wangu akauliza, nikamjibu, kwani tunakwenda kutafuta nini?

Sasa jambo lenyewe. Karibu na Pasaka mtindi wangu ulianza kuganda vizuri ajabu. Unakatika kwa kijiko. Juu unaweka utando wa manjano, harufu imekwisha. Nikajiona nimekuwa fundi. Nilimpigia hata yule dada wa jumuiya nimfundishe.

Wiki iliyopita tulikuwa Kibosho tunaandaa kipaimara, tunamenya ndizi, wifi yangu mdogo akauliza tu, "Hivi yule mbuzi wa mama anazaa mwezi ujao? Maana amekauka tangu kabla ya Pasaka." Kisu kilinitoka mkononi. Nikamvuta pembeni, akaniambia yote. Maziwa ninayochemsha miezi hii ni ya ng'ombe wa jirani. Mama mkwe anajua vizuri kwamba maziwa ya ng'ombe nimekataza.

Nimelia Shangazi. Kama mtoto angezidiwa je? Nafikiri alifanya kusudi, kwa sababu lishe hii hakuipenda tangu mwanzo. Februari alikuja na chungu cha mtori, nikaurudisha mbele ya wageni, nikasema mjukuu wake hali mtori. Hakusema neno.

Mume wangu hajui. Nikimwambia atasema haya basi, yaishe, maana kila siku ananiambia lishe imekuwa dini. Shule ya awali mtoto hakuanza Januari kwa ajili ya chakula. Binti yangu wa miaka tisa aliniuliza juzi, "Mama, na mimi nitaumwa lini?"

Nimkabili mama mkwe? Nimweleze mume? Au ninyamaze, nitafute mbuzi kwingine niendelee? Na nitamsamehe vipi mtu ambaye wala hajaniletea jani la sale, lile la kuombea msamaha?

Mama wa Mgando, Moshi.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi ambayo wewe umeiandika ukapita haraka: tangu Pasaka mtoto anakula mtindi wa maziwa ya ng'ombe, naye analala usiku mzima. Nitairudia.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe moyoni mwako kama nimekosea. Umepata nafuu ya mtoto kwa mikono yako mwenyewe, baada ya mwaka mzima wa kuzunguka kwenye madirisha ya dawa. Nafuu hiyo ina masharti, na masharti unayajua wewe peke yako. Sasa umegundua kwamba sharti kubwa kuliko yote lilivunjwa nyuma ya mgongo wako na mtu uliyemwamini, tena mtu usiyeweza kumfokea. Na siri hiyo ikitoka nje, unaogopa itabomoa vyote viwili, heshima ya mkweo na kazi yako ya miezi saba. Nimekosea?

Tuanze na maziwa, maana yenyewe yalikuwa yanasema nawe muda wote. Maziwa ya mbuzi ni meupe pepe kwa sababu mbuzi huigeuza rangi ya manjano iliyomo kwenye majani kuwa vitamini A. Ng'ombe huiacha nyingi ipite kwenye mafuta, ndiyo ule utando wako wa manjano. Mafuta ya mbuzi ni chembe ndogo ndogo zisizopanda juu upesi. Tena maziwa yake huwa na upungufu wa aina mojawapo ya kaseini, protini inayosaidia mtindi kushikamana, kwa hiyo mgando wake huwa laini hata ukiutengeneza kwa ustadi wote. Ule uji wa mgonjwa wa Novemba haukuwa uzembe wako. Ulikuwa mbuzi halisi. (Harufu ya beberu huweza kutokana na beberu kufungwa karibu na jike wakati wa kukamua. Hilo ukimpata mbuzi mwingine uliulizie mapema.)

Sasa swali ninalotaka tulishike taratibu. Umeamini kwamba mbuzi ndiye aliyemponya mtoto. Je, ni mbuzi, au ni saa 24?

Sukari iliyomo kwenye maziwa inaitwa laktosi. Ya mbuzi inayo, pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe. Wadudu wa mtindi huila sukari hiyo, na kadiri wanavyokaa kwenye joto zuri ndivyo inavyozidi kupungua. Kama utumbo wa mwanao ulichoka, ukashindwa kuisaga laktosi, basi kilichomsaidia ni wewe kuamka saa nane usiku, na maziwa yangeweza kutoka zizi lolote. Kama shida yake ingekuwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, hapo mbuzi asingekuwa kimbilio, maana protini zao zinafanana sana, na watoto wengi mno wenye mzio huo hudhurika na ya mbuzi vilevile. Na huyu wako ameyala ya ng'ombe wiki baada ya wiki bila hata kipele. Sisemi mkweo alifanya vyema. Nasema bila kukusudia amefanya jaribio ambalo wewe usingethubutu kulifanya, na jibu lake liko mbele yako.

Ila jibu hilo lisikupeleke mbali. Huenda si laktosi kabisa. Ngoja nikupe kisa, maana lishe hii unayoifuata ina babu yake. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa wa siliaki, matumbo kama ya mwanao, walikuwa wanapona kwa kulishwa ndizi mbivu. Ndizi, mwanangu! Babu zetu wangecheka. Watoto walinenepa kweli, na Haas akaamini kwa miaka mingi kwamba dawa ni ndizi. Kumbe ndizi zilikuwa zimeshika tu nafasi ya mkate. Uholanzi, daktari Willem Dicke aliona watoto wa namna hiyo wanapata nafuu mkate ulipoadimika wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, na wanaumwa tena uliporudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake akaionyesha ngano kwa kidole, kwamba ndiyo inayoudhuru utumbo wa wenye siliaki. Haas hakuwa mwongo. Watoto wake walipona, aliyekosewa ni mshukiwa.

Wewe Novemba uliondoa vitu saba kwa siku moja. Chapati zimo, maandazi yamo, juisi za pakiti nadhani zimo. Ni kipi kilikuwa kinamuumiza? Huenda ni kimoja tu. Huenda hakuna hata kimoja, na maradhi yaliyomo ndani yametulia kwa muda tu, kwa sababu uvimbe wa utumbo una tabia ya kuja na kuondoka, na tumbo linaweza kutulia huku ndani bado kunawaka. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ng'ombe wa jirani: ile tarehe ya hospitali. Uliuliza mnakwenda kutafuta nini. Nadhani ulikuwa unaogopa watakachokipata, na mama yeyote angeogopa. Lakini ukienda, kuna jambo usilisahau. Kipimo cha damu cha siliaki husoma vizuri kwa mtu anayekula ngano. Mtoto aliyekaa miezi saba bila ngano anaweza kupimwa akaonekana hana kitu, kumbe anacho. Kwa hiyo usimrudishie ngano kwa uamuzi wako, na usikae kimya mbele ya daktari ukidhani atakugombeza kwa kuacha kliniki. Mwambie kila alichokula na kila alichoacha, na maziwa ya ng'ombe pia umtajie. Akikugombeza, vumilia dakika mbili, halafu endelea kusema.

Kuhusu kilo. Kilo moja kwa miezi saba ni mwendo mzuri kwa umri wake. Lakini watoto wa kiume wa miaka mitano wastani wao ni kilo 18 na kitu, huyu ana 15, kwa hiyo bado anapanda mlima. Lishe iliyoondoa ugali, wali na viazi imeondoa pia nguvu nyingi, na kitu lazima kizibe pengo hilo. Tena kama utarudi kwa mbuzi na kumtegemea yeye, maziwa yake yana folati kidogo sana, na vitamini B12 haba. Watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi matupu wamepata upungufu wa damu kwa sababu hiyo. Wako anakula mayai, nyama na mboga, kwa hiyo sina hofu kubwa, ila wakimtoa damu waombe waangalie na hilo.

Nimefurahi kuona unachemsha. Endelea hivyo hivyo hata akitokea mtu kukwambia maziwa mabichi ya mbuzi ndiyo yenye nguvu, na watu wa kusema hivyo hawakosekani. Kuna brusela, ugonjwa unaotupa mimba za mifugo na kuwapa binadamu homa zisizoeleweka, na kuchachua maziwa si kinga ya kutegemea. Watafiti waliochunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa huko huko Moshi, 2007 na 2008, walikuta zaidi ya nusu walikuwa wamedhaniwa wana malaria. Waliothibitika kuwa nayo ni 14. Brusela ilikuwa miongoni mwa yaliyokuwa yamejificha. Ukitafuta mbuzi kwingine, hilo nalo umuulize mwenye mbuzi: kuna jike lililotupa mimba?

Haya, sasa Kibosho.

Unasema alifanya kusudi kwa sababu hakuipenda lishe. Inawezekana. Mimi sikuwepo. Lakini jiulize pia njia nyingine. Mbuzi amekauka. Bibi anajua kila siku ya tatu Hiace inasubiri, anajua mkwewe amekonda kwa kukesha, na mara ya mwisho alipoleta chakula chake kilirudi na chungu mbele ya wageni. Je, mtu huyo ana ujasiri wa kupiga simu aseme "mwanangu, maziwa hakuna"? Au anakwenda kwa jirani kimya kimya, anajaza galoni, anasema moyoni yote ni maziwa? Hilo la pili bado ni udanganyifu, tena kwa mtoto mgonjwa, na una haki ya kuumia nalo. Ila halina chuki ndani yake. Na mtori kwa bibi wa Kichaga unajua ni nini. Ni chakula cha mzazi aliyejifungua, ni chakula cha mgonjwa anayeanza kuinuka. Ulipoukataa huenda alisikia umemkataa yeye kama mganga wa mwisho wa mjukuu wake. Sheria ilikuwa inakulazimisha, naelewa. Wageni hawakuwa lazima.

Njia zilizo mbele yako naziona tatu nne, na kila moja ina mwiba wake.

Ukinyamaza na kutafuta mbuzi kwingine, amani itabaki juu juu. Lakini utamwambia nini mkweo Hiace ikishuka na galoni? Na kila utakapomwona utakuwa unahesabu. Isitoshe utakuwa unamkesha mbuzi ambaye huna hakika kama mtoto anamhitaji.

Ukimwambia mume kwanza, unapata mwenzio wa kubeba, ila unamweka mwanamume kati ya mama yake na mke wake. Wengine hapo hufoka, wengine hukimbilia kazini. Unaogopa atasema yaishe. Je, umewahi kumuuliza anachotaka kiishe? Anaposema lishe imekuwa dini, mimi nasikia mtu anayeona amewekwa nje ya kanisa. Huenda akijua maziwa ya ng'ombe hayakumdhuru mtoto, atataka kwenda nawe hospitali kuliko wewe unavyodhani. Huenda pia atakucheka, na kicheko hicho kitauma. Unamjua wewe.

Ukipanda Kibosho mwenyewe, peke yako, siku isiyo na shughuli, utakuwa umemwachia mama mkwe nafasi ya kusema kabla hajashtakiwa. Namna ya kuanza ndiyo kazi. Ukianza na "wifi kaniambia" umemchoma wifi yako, na yeye hakukusudia ubaya. Unaweza kuanza na maziwa yenyewe: "Mama, mtindi umeanza kuganda sana, mbuzi tunampa nini siku hizi?" Halafu ukae kimya. Kimya cha kweli, hata kikiwa kirefu. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuangalia usoni akasema majani ya migomba. Je, utakuwa na nguvu ya kubaki umeketi? Kama unaona huna, yupo shangazi wa mume au mama mdogo anayeheshimika wa kwenda naye? Ingawa mtu wa tatu akiingia, jambo la jikoni linakuwa kikao.

Jani la sale nimelifikiria. Unangoja alilete yeye. Kwa danganyo la maziwa, ni zamu yake, sikatai. Kwa chungu cha mtori sijui ni zamu ya nani.

Na binti wa miaka tisa. Hapo sina maneno mengi, maana swali lake limetosha. Kuna siku moja katika zile tatu kabla Hiace haijashuka, siku ambayo sufuria ni tupu. Hata saa moja ya siku hiyo, yeye na wewe, bila kipimajoto. Na kama jikoni anapapenda, anaweza kuwa yeye ndiye anayesoma hiyo 42. Watoto wa umri huo hupenda kupewa namba ya kulinda.

Shule ya awali bado ina nusu mwaka. Mtoto mwenye chupa yake ya mtindi, mayai mawili na ndizi yake yenye madoa si wa ajabu darasani, wapo wenye kisukari na wenye mzio wanaokwenda na vyakula vyao. Ila mwalimu atakuuliza anaumwa nini, na hapo utahitaji jina la ugonjwa kutoka kwa daktari. Naona kila njia inakurudisha kwenye ile tarehe.

Usiku wa leo bado utaamka saa nane, najua. Jaribu chupa mbili zaidi na blanketi la pili juu ya kapu, sufuria isiguse sakafu ya sementi, na mbegu iwe mpya. Ukipima asubuhi ukakuta joto halijashuka chini ya 38, basi umeruhusiwa kulala.

Wifi yako amedokeza mbuzi anazaa mwezi ujao. Siku za kwanza maziwa ni ya kitoto chake, halafu Hiace itaanza tena kushuka na maziwa meupe, mepesi, na mtindi wako utarudi kuwa uji. Mkweo atajua umeona tofauti. Una wiki nne hivi za kuchagua kama mtaongea kabla ya hapo au sufuria iongee kwa niaba yenu. Niandikie mbuzi akishazaa.

Shangazi